Dakika Nane Kabla ya Magharibi

Miteja, Kilwa
29 Machi

Kwa dada yangu Zakia,

Assalamu alaikum, na shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mbio za alfajiri huko JKT ziwe hazijakumaliza. Kwa kuwa kambini hamruhusiwi simu, nimenunua karatasi, na nadhani ni afadhali, maana haya nisingeweza kuyasema kwa sauti. Mama hajambo, anauliza kama mnapewa chakula cha kushiba. Mdogo wetu Zuwena ameota meno mawili. Baba mwili wake ni mzima.

Ile saa ya msikiti uliyoiunda ilianza kuganda wiki moja kabla ya mfungo. Ukiizima na kuiwasha inakwenda kidogo, halafu namba zinasimama tena. Nilisoma kumbukumbu zake kama ulivyonifundisha, nikaona kosa haliko kwenye programu yako. Liko ndani kabisa ya mfumo endeshi, kwenye kerneli yenyewe, ile programu ya kiini inayoziendesha nyingine zote. Kila kerneli ilipokisoma kile kisaa kidogo chenye betri ya duara, kinachotunza muda umeme ukikatika, kila kitu kilisimama.

Nikaibadilisha kerneli. Kile kikompyuta kilichomo ndani ya saa hakina nguvu ya kujikompailia, yaani kujitengenezea kerneli kutoka kwenye maandishi yake, kwa hiyo nilimwomba Mwalimu Valerian kompyuta ya shule. Mara ya kwanza nilisahau kuiambia kwamba kerneli ni ya prosesa nyingine, ikatengeneza ya kwake, saa tano zikapotea bure. Mwalimu alicheka, akasema nimemshonea mteja suruali kwa vipimo vya fundi. Mara ya pili ilikubali. Nikaijaribu humo humo kwenye kompyuta ya shule, ndani ya programu inayojifanya kikompyuta chako, ikaenda kutwa nzima bila kuganda. Nikaipeleka msikitini. Baba aliwatangazia watu kwamba mwanawe ameifufua saa ya dada yake. Unajua sipendi kutazamwa. Siku hiyo nilitazamwa sana, na nilipenda.

Kisha ikaja funga ya kumi na saba, siku ya Jumamosi. Wiki nzima ilikuwa ya mvua, jua halionekani. Baba akatazama saa, akaadhini, watu wakafuturu. Walikuwa katikati ya uji adhana ya msikiti wa ng'ambo ya barabara kuu ilipoanza. Mudathiri mwenye duka akatoa simu yake, akasema tumetangulia dakika nane.

Baada ya swala wazee wa kamati wakaenda kuikagua saa, wakaikuta sawa na simu zao. Basi wakasema baba amesoma vibaya. Imamu Tawakali akatangaza kwamba kila aliyekula kwa adhana ile atailipa siku hiyo baada ya Idi. Yeye hakumlaumu baba, ila wengine hawakunyamaza. Bi Saida alisema funga yake imeliwa na macho ya Mzee Salumu. Vijana wa pale kwa Dismas, fundi pikipiki, wakamwita baba Mzee Dakika Nane, na Dismas, ambaye ni Mkristo, akauliza kama yeye aliyekula tangu asubuhi atalipa siku ngapi. Watu walicheka, na baba alicheka nao. Kesho yake akamrudishia Imamu ufunguo wa kipaza sauti. Ameadhini miaka kumi na tisa, dada. Sasa anaadhini Suleiman, na baba anaswali safu ya mwisho, karibu na viatu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ameamini. Hospitali walimwambia macho yake ni mazuri, hakuridhika. Akisoma tarehe kwenye pakiti ya dawa, au namba ya simu, anaisoma vizuri kabisa, halafu ananipa mimi na kuniuliza kama ndivyo. Msahafu ameuacha, anaogopa kukosea aya.

Baba hakusoma vibaya.

Kosa la kerneli lilinishinda, dada. Sikulirekebisha. Nilifuta mistari yote inayokisoma kile kisaa. Saa haikuganda tena kwa sababu haikuuliza muda popote, ilikuwa inakisia. Kwenye kompyuta ya shule sikuliona hilo, kwani ile programu iliazima muda wa kompyuta yenyewe. Msikitini ilitangulia karibu dakika tatu kila siku. Niligundua siku ya pili, nikaona aibu kusema baada ya sifa zote zile. Kila alasiri nikitoka shule nilipanda kwenye kiti, nikairudisha kwa mkono. Halafu nikaenda Kilwa Masoko siku tatu kwa mashindano ya hisabati. Niliporudi Jumamosi ile, nilikuta watu barazani na vikombe mikononi. Nikatazama simu yangu, nikaelewa. Walipokuwa wanakunywa uji niliingia ndani, nikairudisha saa. Kamati iliikuta sawa kwa sababu yangu, na nilisimama pale pale nikiwasikia wakisema ni macho.

Na hawajui kwamba Alhamisi na Ijumaa pia walifuturu mapema. Wanalipa siku moja, nao wanadaiwa tatu. Bi Saida amekwishafunga yake, anasema ameshamalizana na Mola wake.

Sikuulizi nifanye nini, maana jibu lako litachelewa. Nimemwomba Imamu nafasi ya kusema baada ya swala ya Ijumaa, ingawa sikumwambia nitasema nini. Lakini baba anastahili kujua kwanza. Nimemwendea mara nne, na mara zote nne nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Kwa hiyo bahasha hii siifungi. Nikimaliza kuandika nitampelekea uani, aisome yeye kabla haijaenda posta. Akifika mwisho ataniuliza kama amesoma sawasawa. Nitamwambia amesoma sawasawa.

Mama anakusalimu sana, na Zuwena pia. Jitunze huko, nawe uniombee dua.

Mdogo wako,
Haruna Salumu