Dakika Tano za Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Kikao saa mbili hadi saa tano kasoro. Slaidi arobaini! Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu, hata kusinzia siruhusiwi. Mjomba — fundi wa lifti ya mizigo, wote tunamwita hivyo — aliomba dakika tano. Breki za lifti zimelika. Meneja: hilo liende kwenye mengineyo. Mengineyo hatukufika.

Jumatatu, 10 Machi
Nusu saa nzima tumebishania rangi ya beji. Mjomba kanyoosha mkono mara tatu. Mhasibu akamtania, huo mkono ni kamba ya kuanikia nguo? Tukacheka, naye akacheka. Kwenye ngazi akaniuliza, "Lakini umeniandika, binti yangu?" Nikamjibu, nimekuandika. Akashusha pumzi, akasema: Basi, yakiwa kwenye maandishi watayafanyia kazi.

Jumatatu, 17 Machi
Mjomba hakuja. Kamtuma mlinzi aseme yuko chini, anajaribu kuzikaza breki mwenyewe. Meneja: andika hakuhudhuria, hana udhuru. Nikaandika.
Slaidi ya kumi na tisa — kishindo kutoka chini, kwenye lifti. Chai ikamwagika mezani. Meneja akasema tuendelee, wataleta taarifa. Tukaendelea! Dakika sita. Nilikuwa natazama saa. Hakuna aliyeinuka. Na mimi sikuinuka.

Jumanne, 18 Machi
Mjomba katutoka alfajiri.

Ijumaa, 21 Machi
Tumezika. Meneja kasoma wasifu vizuri. Kisha kaniita pembeni, viatu bado vina udongo wa kaburini. Watu wa bima wanakuja. Zile kumbukumbu mbili za mwanzo "zisafishwe" — Mjomba hakuwahi kulitaja suala la breki. Halafu, kwa upole kabisa: mkataba wako unaisha mwezi ujao, sivyo?
Nikajibu, sawa bosi. Kwa mdomo wangu huu huu!

Jumatatu, 24 Machi
Kikao, kama kawaida. Tulisimama kimya dakika moja. Kwenye kiti cha Mjomba watu wameweka mikoba.
Niko mezani kwangu. Faili liko wazi kwenye kompyuta, sijafuta hata neno. Mke wa Mjomba yuko mapokezi, kaja kuchukua nguo za kazi za mumewe. Nilipopita pale kanishika mkono, kaniuliza taratibu, "Mwanangu, aliwahi kuwaambia?" Nikasema, ngoja mama, nikuletee maji.
Glasi hii hapa, imejaa. Meneja kasimama mlangoni mwa ofisi yake, ananitazama. Mama naye kageuka huku —