Picha Juu ya Ukuta

Jumanne, 4 Machi

"'On' ni 'juu ya'. Mtoto akishajua hilo, yametosha." Kasema wifi leo mbele ya kamati ya kamusi. Yametosha! Basi picha iko juu ya ukuta? Aliye juu ya ukuta ni paka, au mwizi. Nzi akiwa juu ya dari anaishi na panya. Taa ikiwa 'on' iko juu ya nini? Inawaka tu, maskini. Na mgeni ajaye 'on Monday', je, kaipanda Jumatatu kama punda?

Kurasa zangu nne za neno hilo anataka zibaki mstari mmoja. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ya watoto wa shule, miaka sita ya jasho langu. Kura ni Jumatatu. Na mwenye panga ni wifi yangu, mhariri, dada wa mume wangu.

Jumatano, 5 Machi

Hoja zake zote nazijua. Kila Jumapili tunakaa jikoni kwangu kumenya viazi, yeye mpinzani, mimi mtetezi. Ndiyo kazi yetu ilivyo: maana haiingii kamusini kabla wifi hajaishambulia. "Usinionee haya, piga," nilimwambia mwenyewe. Anapiga, najibu, anacheka: "Haya, umepona. Andika."

Jana kazimwaga zote mbele ya kamati, kwa mpangilio uleule. Majibu yangu, hata moja hakulitaja. Mjinga mimi! Nilikuwa namngoja acheke.

Ijumaa, 7 Machi

Mpiga chapa kanidokeza: kamusi ikiwa nyembamba, itauzika, na wifi atakuwa mhariri mkuu. Kumbe.

Nikamwambia mume wangu. Kasema huyu damu, huyu mke, yeye aachwe ale kwa amani. Kala kweli. Akaongeza sahani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni — si juu ya nguo. Wahenga walilijua neno hili kuliko kamati nzima.

Jumapili, 9 Machi

Wifi kaja. Na mfuko wa viazi, kama kawaida! Kakalia kiti chake, kashika kisu changu. Nimejifungia chumbani. Namsikia akimwambia kaka yake, "Mwite mkeo, hasira hazishibishi." Kaka mtu kajibu kwamba yeye hayumo.

Naandika ya kusema kesho. Sasa anagonga mlango. Polepole, kwa kifundo cha kidole.

"Wifi, fungua. Leo nani mpinzani?"

Sifungui. Naendelea kuandika —

Ninyi wajumbe, msinyooshe mikono bado. Muulizeni mhariri wenu hoja hizi alizitoa jikoni kwa nani. Kisha muulizeni majibu yake kayaacha wapi. Asimame ayaseme mwenyewe, moja baada ya jingine, mbele yangu. Anayajua yote.