Mwethya wa Kujifungia Nje

Baba,

Huku Matinyani mvua imenyesha vizuri na mbaazi zimeshika. Mama ameanza kulala usiku mzima. Madarasa yako ya Historia nimepewa mimi, na kila nikifika kwa Uingereza ya karne ya kumi na nane nakusikia ukigonga ubao: "Kwanza ua, halafu njaa, halafu kiwanda!"

Ulitueleza jinsi matajiri walivyozungushia ua malisho ya wote, sheria ikawaunga mkono, na maskini akabaki na ng'ombe asiye na pa kula. Mwishowe aliuza ng'ombe akaenda mjini kutumikia mashine. Mimi nilidhani hizo ni habari za Wazungu, za kupitia mtihani.

Sasa nisikilize. Baba mdogo Mutisya ameamua kuzungushia seng'enge ile weu ya chini, uwanda wetu wa malisho. Kwenye hati ni yake, sikatai, lakini unajua mbuzi wa kijiji kizima hula pale wakishuka mtoni. Anataka kupanda maembe. Na Baba, kuchimba mashimo ya nguzo aliita mwethya! Majirani wote tukaja na majembe yetu, kama kawaida, kumsaidia mwenzetu kazi. Hata Nduku, yule mjane wa ng'ambo ya mto, alikuja, na mbuzi wake hawana malisho mengine. Nilimkuta amezama kwenye shimo hadi magotini. Nikamuuliza kama anajua anachimba nini.

"Najua, mwalimu," akasema. "Lakini mwethya haukataliwi, hata ukiitwa kuchimba kaburi lako. Anayekataa, majirani hawaji kumzika."

Niliumia sana. Huko Uingereza maskini walifungiwa nje na wengine. Sisi tulikuwa tunajifungia wenyewe, bure, tena tukiimba.

Tulipoketi kula muthokoi nilisimama nikawaeleza somo lako lote, mbele ya baba mdogo. Nilidhani atanifukuza, ila alisukuma sahani yake kando, akasema, "Huyo ni marehemu anaongea." Akaagiza upande wa mto usichimbwe kwa sasa. Basi seng'enge imezunguka pande tatu, mbuzi wanaingia kwa ule wa nne, na watu wanacheka hadi sokoni. Nduku hacheki. Hilo neno "kwa sasa" alilisikia, na mimi nililisikia.

Nimekukumbuka mno wiki hii. Wewe ungejua la kumwambia ndugu yako.

Lala salama, Baba. Mama nitamtunza. Na nakuahidi hivi: siku baba mdogo atakapoita mwethya wa upande wa nne, jembe langu litabaki nyumbani. Nitakuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kukataa. Na siku yangu ikifika, kijiji kikikataa kuja kunizika, nitakuja kwako hivyo hivyo.

Mwanao,
Mwende