Nilikupigia Makofi ku Dirisha ya Biro

Yaya Numbi, dada yangu mukubwa,

Nilikukosea. Ninatanguliza hii neno mbele ya salamu, juu nikianza na salamu nitaogopa tena.

Unakumbuka ile siku tulikaa chini mbele ya biro, ofisi ya shefu wa kampi yetu ya bafanyakazi, ndoo tupu mbele yetu. Alikuwa anafungua bomba asubui tu. Banamuke banatoka mu mashamba, banakuta imefungwa, banaenda kuchota mayi ya poto-poto, ya matope, batoto banaugua tumbo. Mwanaume nilikuwa minyi moya tu. Bibi yangu wa ndoa alikuwa amekufwa, nani angenichotea? Ulinicheka: "Angalieni mudogo yangu, anashika ndoo sawa vile anashika nyoka!" Banamuke balicheka mpaka shefu akatoka inje.

Akauliza mukubwa wetu ni nani. Tulikuwa tumesikilizana: hakuna mutu atajibu. Bote tulibaki tunaangalia ndoo zetu.

Kesho yake akaniita peke yangu mu biro. Akasema nyumba ya kampi iko ya mutu wa kazi, haiko ya mutu wa fujo; nikimuficha mukubwa wetu, nitatoka. Sikusema jina yako, Yaya. Lakini ulipita pale ku dirisha, jembe ku bega. Siku zote nilikuwa ninakuinulia mukono tu. Ile siku nilipiga magoti, nikakupigia makofi pole-pole, sawa vile siye Baluba tunapigia mulopwe, mufalme wetu. Nilijua shefu anaangalia, na atajua mukubwa ni weye. Weye ulicheka, ulizani ni muchezo.

Balikufukuza mu kampi, balikupandisha mu treni, weye na bwana yako na mizigo. Ukafia kule ku kijiji. Kilio yako, sikufika.

Sasa bomba inafunguliwa hata mangaribi. Ulishinda, Yaya. Lakini banamuke banasema Mama Odia njo alikuuzisha, alikutaja kwa shefu, juu anafulaka nguo yake na sabuni. Akifika, bananyamaza. Anachota wa mwisho, peke yake. Minyi, ndugu yako, bananihurumia, bananiletea sahani ya bukari ya mahindi. Ninafunga mulango, ninakula. Hakuna mutu wa kuambia. Paka weye tu, Yaya.

Siombi unisamehe. Dimanche ya Matawi, ile jumapili mbele ya Pasaka, kisha misa, banamuke bote batakuwa ku bomba. Nitapiga magoti mbele ya Mama Odia, nitasema mbele ya bote: ni minyi nilimuonyesha shefu Yaya yangu. Bakinifukuza mu kampi, nitaenda.

Lala, Yaya wangu. Mbele jua ya ile Dimanche iingie, nitakuwa nimesema.

Mudogo yako,
Kasongo