Kurasa za Eskild

Solvej, nimetoka kwa Eskild, yule bingwa wetu wa vitabu, sasa hivi. Nina kinyaa hadi kooni.

Nilikuwa narudia ile riwaya yetu ya majoka, nakala yangu ikalowa, nikaenda kuazima yake. Si husema ameisoma mara saba?

Yake ni chapa ya zamani, ambayo kurasa huja zimeshikana na msomaji huzitenganisha mwenyewe kwa kisu. Kuanzia ukurasa wa 90 hazijakatwa. Tisini, Solvej!

Nikamwuliza, "Mwisho uliusomea wapi, ndotoni?"

Akamimina kahawa. "Dada, kitabu kikubwa mtu hukihisi."

Hukihisi! Huyu ndiye aliyeniambia sikuuelewa mwisho, nikaiacha tasnifu yangu juu ya riwaya hii miaka sita.

Nikachukua kisu chake cha siagi, nikazitenganisha kurasa za sura ya mwisho, nikamsomea. Mwisho ni vilevile nilivyouandika kwenye tasnifu.

Tasnifu naitoa kabatini leo.