Neno Jipya Kutoka Segese

Alhamisi, usiku

Itangazwe rasmi kwa wakazi wote wa chumba hiki, yaani mimi, Neema aliyelala, na paka: leo nimemshinda mume wangu kwenye mchezo wa herufi. Simu inatupa sote wawili herufi saba zilezile, tunatafuta maneno ya Kiingereza, na lisilo la kawaida ndilo lenye alama nyingi. Nimepata "wend". Maana yake waulizwe wenye lugha.

Furaha ilidumu mpaka jirani yangu, Mama Kulwa, alipoingia bila hodi.

"Mama Neema, umesikia? Duara la wachimbaji limetitia Segese. Kuna watu chini."

Baba Neema anachimba Segese. Nikapiga, haipokelewi. Nikapiga tena, vilevile.

Halafu kwenye mchezo nikaona jina lake limeongezewa neno: "newt". Kamusi inasema ni mnyama wa majini, kama mjusi. Nikacheka kama mwehu. Mtu aliyefukiwa hatafuti mijusi.

"Mzima huyo!" nikamwambia Mama Kulwa. "Ananichokoza tu."

Nikapiga ili nimtukane vizuri. Ikapokelewa, sauti ya mwanamke. Nikajiandaa kwa ugomvi wa aina nyingine kabisa.

"Shikamoo dada. Mimi ndiye mpishi wa hapa machimboni. Wakishuka huniachia simu zao. Ulipopiga mwanzo niliogopa kupokea. Nikawa nabonyezabonyeza herufi za huu mchezo wenu tu, maana kukaa bure siwezi."

Mpaka naandika hapa, Baba Neema bado yuko chini.