Jicho Ulilotuambia Ni Zima

Kitangari, Newala
17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Optatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na wifi yangu Oliva hajambo? Kifua chake kimetulia na baridi ya huko Mbeya? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini shambani anafika. Mvua ilichungulia tu ikaondoka, maji bado tunayafuata bondeni.

Ningekupigia, ila mara ya mwisho ulikata simu kabla sijamaliza. Barua hii naomba uisome hadi mwisho.

Unaikumbuka mashine ya kuchambulia korosho ya kikundi chetu, ile inayotumia kamera kutenga nyeupe na zilizoungua. Ni wewe, fundi wa kamera, uliyekuja Pasaka kuipima kabla hatujaipokea. Ulijifungia nayo ndani, ukatoka, ukawaambia akina mama, "Jicho lake ni zima. Liaminini kama langu." Tukaliamini kwa sababu ni wewe.

Msimu ulipoanza, mashine ikawa inazikataa korosho nyeupe pamoja na zilizoungua. Wenzetu wakamgeukia Mwanasha, mama Twahiru, anayesimamia tanuri la kukaushia. Wakasema jicho halikosei, yeye ndiye anayeunguza; wengine wakasema anafanya makusudi. Aliapa, hakusikilizwa. Siku aliyoondolewa alijifunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Mimi sikuridhika. Nikamwomba Theodora, mwalimu wa fizikia, aje kutoka Ndanda. Tuliifunika mashine kwa turubai mwanga wa nje usiingie. Akaweka karatasi nyeupe chini ya kamera, akawasha taa moja, kisha ya pili iliyo sawa nayo. Alisema mwanga ukiongezeka maradufu, namba zinazosomwa na kamera nazo ziongezeke maradufu. Upande wa kushoto zilipanda hivyo hivyo. Upande wa kulia zilijikongoja. Akageuza karatasi, akahamisha taa, majibu yakawa yale yale. Upande ule kamera inaona giza penye mwanga, na korosho nyeupe zikipita hapo inazidhania zimeungua.

Nilidhani iliharibika baada ya wewe kuondoka. Ndiyo maana nilikupigia, kwa nia njema kabisa. Ukaniambia, "Dada, niliona tangu siku ile. Muuzaji aliniahidi kazi. Sikudhani mngejua."

Optatus, kama usingejua kupima, ningekusamehe siku hiyo hiyo. Ulipima, ukaona, kisha ukatutazama usoni, ukala ugali wetu, ukaondoka.

Mashine tumeizima. Tunachambua kwa mikono karibu na dirisha. Nilikwenda na wenzangu kwa Mwanasha kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa mkeka, akatusikiliza. Kisha akasema kwa upole kwamba tanuri tulitafutie mtu mwingine.

Ninachotaka kwako ni uje. Usitume mtu wala kitu. Uje useme mbele yake na mbele ya akina mama yale uliyoniambia mimi kwenye simu.

Baba mdogo Silvano anakusalimu, Anastasia na watoto pia. Mama anakusalimu kuliko wote. Kila akitoka kanisani anawaambia watu kwamba mwanawe aliipima mashine ikiwa nzima, sisi ndio tuliokuja kuiharibu. Mimi huwa nasimama kando yake. Sijaweza kumwambia. Hilo nimekuachia wewe.

Mungu akufikishe salama.

Dada yako, anayekupenda hata sasa,
Anjelina